Kubadilisha mwenyewe kitambaa cha turubai la kivuli kwenye karavani: naomba uzoefu wenu

Mkaazi wa San Antonio

Salaam ndugu zangu. Mimi na mke wangu tunaishi San Antonio, Texas, na mwaka juzi tulinunua karavani ya kuvutwa na gari, iliyoundwa mwaka 2009, kutoka kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu aliyeamua kustaafu safari. Chombo chenyewe ni kizima, paa halivuji na magurudumu tumeshayabadilisha, lakini turubai la kivuli la ubavuni limefika mwisho wake. Ni la vinili, la kukunjua kwa mkono, lenye rola ndefu ya alumini inayobebwa na mikono miwili iliyofungwa ubavuni. Kinachonishangaza ni kwamba sehemu kubwa ya kitambaa, ile tunayokaa chini yake, bado inapendeza, ilhali ukanda wa juu kabisa, ulio karibu na reli ya ukutani, umekauka na kupasukapasuka kama ngozi ya ngoma ya zamani. Mwezi uliopita upepo mdogo tu uliuchana kwa urefu wa futi 4 hivi.

Karakana niliyoiendea ilinitajia dola 1,150 kwa kitambaa na kazi, tena nisubiri wiki sita. Nimeona kitambaa peke yake kikiuzwa kwa chini ya theluthi ya fedha hizo, na ndipo nilipoanza kujiuliza kwa nini nisiifanye kazi hii kwa mikono yangu. Ninayo drili, ngazi mbili na spana za kutosha, na shemeji yangu yuko tayari kunisaidia Jumamosi. Ninachokiogopa ni springi. Kila ninayemuuliza hunionya kwamba ndani ya rola mna springi zinazoweza kumvunja mtu mkono, kisha anaishia papo hapo bila kunieleza zinavyodhibitiwa.

Naomba aliyewahi kuifanya kazi hii anieleze namna ya kuzituliza springi hizo, jinsi ya kupima ili nisiagize kitambaa kisicho sawa, na kama nirudie vinili au nihamie kwenye kitambaa cha akriliki ambacho bei yake iko juu. Nina jambo jingine la kifamilia pia: mjomba wangu anashona maturubai ya malori Tanga na amejitolea kunishonea kitambaa kizima na kunitumia. Je, nimkubalie?

Jua la Phoenix

Ndugu yangu, kazi hii nimeifanya mara mbili, kwanza kwa karavani yangu na baadaye kwa ya jirani, na zote hapa Arizona, ambako jua halina huruma kwa kitu chochote cha plastiki. Nianze na lile lililokushangaza, kwa kuwa ndilo litakalokuongoza katika ununuzi. Turubai la karavani huchakaa zaidi likiwa limekunjwa kuliko likiwa wazi. Linapozungushwa kwenye rola, kitambaa unachokalia chini yake hujificha ndani, lakini duru ya mwisho, pamoja na ukanda unaotoka kwenye reli hadi kwenye rola, hubaki nje mwaka mzima, hata karavani inapokuwa imeegeshwa tu nyuma ya nyumba. Vinili hupata ulaini wake kutokana na kemikali za kulainisha zilizochanganywa ndani yake, na jua huzimaliza kidogo kidogo hadi kitambaa kikawa kigumu na kuanza kupasuka. Kwa hiyo unapoagiza kipya, uliza kwanza ukanda huo wa juu umekingwa kwa nini. Vipo vitambaa vyenye kipande kizito zaidi mahali hapo, na zipo rola zenye bati jembamba la alumini linalojifunga juu ya mzingo wote. Ukikosa vyote viwili, utanunua kitambaa kingine mapema kuliko ulivyotarajia.

Kuhusu vipimo, kosa la kawaida ni kupima kitambaa cha zamani kilichochanika au kupima ukuta. Pima kutoka katikati ya mkono wa kushoto hadi katikati ya mkono wa kulia, turubai likiwa limefungwa au limefunguliwa, haidhuru. Kipimo hicho ndicho wauzaji wanachokiita ukubwa wa turubai, ila kitambaa chenyewe huwa kifupi kuliko hapo, kwa sababu rola ina vifuniko vya ncha na mikono ina unene wake. Katika la kwangu mikono iliachana kwa futi 17 kamili na kitambaa kilikuwa futi 16 na inchi 2, yaani pungufu ya inchi 10. Tofauti hii hubadilika kutoka mtengenezaji mmoja hadi mwingine, kwa hiyo tafuta kibandiko chenye jina na namba ya aina, ambacho mara nyingi hukaa kwenye mkono au kwenye rola, na umpelekee muuzaji namba hiyo pamoja na vipimo vyote viwili, cha mikono na cha kitambaa. Dometic na Carefree, kwa mfano, hawatumii mifuo iliyo sawa kwenye rola zao, yaani ile mifereji ambamo ukingo wa kitambaa huingizwa.

Sasa springi. Maturubai ya kukunjuliwa kwa mkono ya aina yako huwa na springi ya msokoto katika kila ncha ya rola, na hizo ndizo zinazolivuta turubai lijikunje lenyewe. Zimekazwa kiwandani kwa mizunguko kadhaa na hubaki zimekazwa hata turubai likiwa limefungwa kabisa. Kinachozizuia zisifyatuke ni fimbo fupi inayotokeza kwenye kifuniko cha ncha na kushikwa na kichwa cha mkono. Ukiifungua bolti ya kichwa hicho bila kuidhibiti fimbo, itazunguka ghafla pamoja na chochote kilichoishika, hata vidole vyako, na hapo ndipo watu wanapoumia.

Dawa yake ni pini. Kunjua turubai kiasi cha futi 3, kisha utazame kifuniko cha ncha kwa makini: katika aina nyingi kuna tundu dogo lililotobolewa ili lilingane na tundu la fimbo. Zungusha rola polepole hadi matundu yalingane, utie kotapini, uikunje miguu, ufanye hivyo ncha zote mbili. Tangu hapo springi na kifuniko chake ni kitu kimoja, na unaweza kukitoa kizima bila kuilegeza springi hata robo mzunguko. Kumbuka jambo moja ambalo sikulisoma popote ila lilinigharimu saa mbili: springi uliyoitia pini turubai likiwa nje futi 3, itolewe pini turubai jipya likiwa nje futi 3 vilevile. Mimi nililikunjua lote kwanza, nikatoa pini, na springi zikalegea kiasi kwamba turubai lilijikunja nusu na kusimama.

Usipoliona tundu, italazimu kuilegeza springi kwa mkono. Ishike fimbo kwa koleo ya kujifunga, ile tuliyozoea kuiita vaisigripi, ikaze barabara, uvae glavu nene, uso na kifua viwe pembeni ya mkondo wa koleo, kisha mwenzako afungue bolti. Achilia nusu mzunguko kwa nusu mzunguko huku ukihesabu kwa sauti na mwenzako akiandika, kwa kuwa hesabu hiyo ndiyo utakayoirudisha wakati wa kukaza. Usimpe kazi ya koleo mtu aliyechoka.

Yanayobaki ni uvumilivu tu. Toa skrubu ndogo zilizoko kwenye ncha za reli, ambazo huzuia kitambaa kisiteleze, mteremshe rola mkiwa watu watatu kama mnapatikana, na muilaze juu ya mapipa mawili yaliyofunikwa blanketi. Kabla hujagusa riveti, chukua kalamu ya wino wa kudumu, uchore mstari unaovuka kutoka kwenye kifuniko hadi kwenye rola, uandike kushoto na kulia, na utie alama kwenye mfuo wa kitambaa na mfuo wa pindo la mbele, lile linaloning'inia. Halafu kata riveti za ncha moja tu kwa drili, kwani hakuna haja ya kufungua ncha zote mbili, na uchomoe kifuniko pamoja na springi yake. Kitambaa cha zamani kikate kwa wembe karibu na mfuo na uuvute ukingo uliobaki kwa koleo, kwa sababu ukijaribu kukitoa kizima kikiwa kimekauka namna hiyo, utatoa jasho la bure.

Safisha mifuo kwa brashi ya waya, upitishe tupa laini mahali pote penye makali, hasa kwenye mdomo wa reli, kisha upulize dawa ya silikoni ili kitambaa kiteleze. Usitumie oili ya mashine wala grisi, maana mafuta ya petroli huila vinili na huvuta vumbi. Ingiza kitambaa kwenye rola mmoja akilisha kwa kukinyosha na mwingine akivuta kwa usawa, tena mkishika upana wote, kwa sababu ukivuta pembe moja utaing'oa mahali ilipounganishwa. Zungusha kitambaa kwenye rola, rudisha kifuniko na riveti mpya, inueni rola, ingizeni ukingo wa pili kwenye reli, na fungeni mikono.

Mimi nilichagua akriliki. Rangi yake imo ndani ya uzi tangu kiwandani, haipauki haraka, hewa inapita, na joto chini yake hupungua. Kwa jua la Texas ningekushauri uichukue hiyo ukimudu.

Mwanakambi wa Edmonton

Mkuu wa Phoenix ameeleza vizuri, nami nitaongeza pale ambapo hali ni tofauti, kisha nipingane naye kidogo.

Kwanza, wasomaji wenye turubai la umeme wasidhani kwamba kwa kuwa kuna mota basi hakuna springi. Ziko rola zenye mota katika ncha moja na springi katika ncha nyingine. Na ziko ambazo nguvu haimo ndani ya rola, imo kwenye mikono: kila mkono una bomba la gesi, kama lile linaloinua mlango wa nyuma wa gari, na bomba hilo husukuma mkono kwenda nje wakati wote. Ukiitoa rola kabla ya kuifunga mikono, itafunguka kwa kishindo na kukupiga mbavu. Funga kila mkono kwa kamba madhubuti au klampu kabla ya kugusa bolti ya juu, na utoe waya hasi wa betri ili mtu aliye ndani asije akabonyeza swichi kwa bahati mbaya. Mwanangu wa miaka minane alibonyeza, na namshukuru Mungu kwamba waya ulikuwa umeshatoka.

Pili, naomba nikiri kosa langu ili mtu mwingine asilirudie. Sikutia alama kwenye mifuo. Rola yangu ina mifuo mitatu inayofanana, na mimi niliona mfuo ni mfuo, nikaingiza kitambaa kwenye ule uliokuwa karibu. Turubai lilifunguka bila shida, tukapiga makofi, tukapika chai. Wakati wa kulifunga, kitambaa kilianza kuzunguka upande wa chini wa rola na si wa juu, na pindo la mbele likajikunja ndani badala ya kuning'inia nje. Maana yake ni kwamba mvua ingeingia moja kwa moja katikati ya mkunjo na kukaa humo. Tulilazimika kuifungua kazi yote upya, na riveti zikatuishia, duka la karibu nalo lilikuwa limeshafungwa.

Tatu ni habari ya akriliki. Ni kweli kwamba inapumua na inakauka haraka, lakini kitambaa kinachopumua si kitambaa kisichopitisha maji. Mvua ndogo hutiririka juu yake bila taabu, lakini maji yakituama, au mtu akikigusa kwa chini kikiwa kimelowa, huanza kuvuja. Sisi tunaopiga kambi kwenye mvua za milima ya Alberta tunapendelea vinili, ambayo haipitishi hata tone na hupanguswa kwa kitambaa chenye sabuni. Ubaya wake ni kwamba kwenye baridi inakuwa ngumu kama ubao, kwa hiyo anayeifunga asubuhi ya Mei huku kwetu aitandaze kwanza juani hadi ilegee, vinginevyo haitapita kwenye mfuo bila kujikunja. Chaguo lifuate mvua na jua la mahali pako, si bei pekee.

Fundi Turubai, Arusha

Nimesoma habari ya mjomba wa Tanga na nimeona nijibu, kwa kuwa kushona maturubai ya malori na mahema ya kambi ndiyo kazi yangu. Mheshimu mjomba wako, lakini usimpe kazi hii, na nitakueleza kwa nini ili usimvunje moyo kwa jibu la mkato.

Turubai la lori limeundwa kutandazwa juu ya mzigo na kufungwa kwa kamba. Likipinda inchi mbili, kamba itaficha. Kitambaa chako kinazungushwa juu ya rola ndefu iliyonyooka. Kama ukingo wa kushoto umezidi wa kulia kwa nusu inchi tu, kila duru itasogea pembeni kidogo, na ukifika mwisho kitambaa kitakuwa kimejisukuma hadi kwenye kichwa cha mkono na kuanza kukwaruzwa. Kukata na kushona usawa wa namna hiyo kunahitaji meza ndefu kama kitambaa chenyewe, na wengi wetu tunakata sakafuni.

Unene nao ni tatizo. Turubai zito la lori likizungushwa linajaza mzingo mnene, na springi zilizopangwa kwa kitambaa chepesi hazitaliweza. Pamba ndiyo usiifikirie kabisa: hunywa maji, huwa nzito, hurudi ikilowa, na ukungu huipenda.

Halafu kuna mishono. Katika vinili kila tundu la sindano ni mlango wa maji, ndiyo maana viwanda huunganisha vipande vya vinili kwa joto badala ya uzi. Akriliki hushonwa, lakini uzi wake lazima uwe wa poliesta uliotengenezwa kustahimili jua, kwani uzi wa pamba utaoza na kitambaa kikiwa bado kizima. Nimewahi kuletewa hema ambalo kitambaa chake kilikuwa hakina doa, na mishono yote inachanika kwa kidole.

Kuna jambo moja ambalo mjomba wako, akiwa mtu wa pwani, atalielewa mara moja. Ukingo unaoingia kwenye mfuo una kamba ndani yake, iliyoshonewa au kuunganishwa kama kamba ya ukingoni mwa tanga la jahazi, na kamba hiyo ndiyo inayobeba uzito wote. Unene wake lazima ulingane na mfuo: ikiwa nyembamba itachomoka siku ya upepo, ikiwa nene haitapita. Akitaka kukusaidia, akushonee pindo la mbele, au mfuko mrefu wa kuhifadhia karavani isipotumika, au kiraka cha kuvukia hadi kitambaa kipya kifike. Hivyo ni vitu ambavyo vikikosewa havimdhuru mtu.

Mkaazi wa San Antonio

Nawashukuru sana, na Fundi umeniokoa na maneno magumu kwenye simu. Nimempigia mjomba, nikamweleza habari ya nusu inchi, naye akacheka akasema hata yeye alikuwa anajiuliza atakata wapi. Tumekubaliana anishonee mfuko.

Nimepima: mikono imeachana futi 18, kitambaa ni futi 17 na inchi 2. Pengo ni inchi 10 kama la ndugu wa Phoenix, na kibandiko nimekiona chini ya rola. Kabla sijaagiza, kuna yeyote mwenye neno juu ya zile bolti zinazoshika mikono ukutani? Mmoja unacheza kidogo ukiutikisa.

Mama wa Ohio

Mwanangu, usiagize chochote kabla ya kuutazama ukuta huo. Mkono unaocheza kwa kawaida si suala la bolti kulegea. Bolti hizo zimeingia kwenye mbao au bamba lililofichwa nyuma ya ukuta wa nje, na gundi ya kuziba iliyowekwa miaka hiyo ikikauka, maji hupenya kwenye tundu na kuozesha mbao taratibu bila kuonekana nje. Mimi na marehemu mume wangu tulibadilisha kitambaa kwa furaha kubwa, na katika msimu wa pili bolti ilichomoka na kipande cha mbao laini kama ugali, turubai lote likaning'inia upande mmoja.

Fungua bolti moja utazame nyuzi zake. Zikitoka na vumbi kavu la mbao, hali ni njema. Zikitoka nyeusi na zenye unyevu, kazi yako ya kwanza ni mbao na kitambaa kitasubiri. Bonyeza pia ukuta kwa kiganja kuzunguka mahali hapo, na ndani ya karavani utazame kama mapambo ya ukuta yamevimba au kubadilika rangi. Wakati wa kurudisha, ondoa gundi yote ya zamani, weka utepe laini wa butili, ule mpira wa kunata wa kuzibia maji, nyuma ya bamba la mkono, kaza hadi utepe utokeze kidogo pembeni, kisha uzibe ukingo wa juu na pande mbili. Ukingo wa chini uache wazi ili maji yatakayoingia yapate pa kutokea.

Pia ukiwa umetandaza turubai, shusha mkono mmoja chini ya mwenzake. Lita moja ya maji ni kilo moja, na dimbwi linalotuama katikati ya kitambaa hupata lita nyingi kwa dakika chache za mvua kubwa. Mikono hiyo haikuundwa kubeba bafu.

Jua la Phoenix

Mama amesema la maana, nami nimeona haya kwamba sikulitaja. Kwetu jangwani mbao hazilowi, mtu anasahau.

Mkaazi wa San Antonio

Ndugu zangu, nimerudi na taarifa baada ya wiki tano.

Ukuta kwanza. Bolti ya chini ya mkono wa nyuma ilitoka na unyevu mweusi, lakini uozo haukwenda mbali. Nilichimbua sehemu laini, nikaacha ikauke kwa siku nne huku feni ikipuliza, nikajaza kwa gundi ngumu ya sehemu mbili, nikatoboa upya. Bolti nyingine tatu zilikuwa kavu. Zote nimezirudisha na utepe wa butili kama Mama alivyoagiza.

Kitambaa nilichoagiza ni akriliki, chenye kipande cha kinga juu, na kilinigharimu dola 365 pamoja na usafiri. Tulianza saa moja asubuhi kukimbia upepo, mimi, shemeji, na jirani yule mzee aliyetuuzia karavani, ambaye alikuja kutazama na akaishia kushika ngazi. Matundu ya pini hatukuyaona kabisa mwanzoni, hata tukawa tunaandaa vaisigripi, hadi mzee alipochukua mswaki wa zamani akasugua kifuniko, tukakuta tundu limejaa vumbi lililogandamana la miaka yote hiyo. Kotapini ziliingia ncha zote mbili bila shida, na springi hatukuzigusa tena hadi mwisho. Pini tulizitoa turubai likiwa nje futi 3, tukapima kwa utepe kabisa ili shemeji asibishane.

Kilichotuchosha hakikuwa springi bali riveti za zamani, ambazo badala ya kukatika zilizunguka pamoja na ncha ya drili. Suluhisho lilikuwa kukibana kichwa cha riveti kwa ncha ya bisibisi wakati drili inakata. Kuingiza kitambaa kwenye rola kulichukua dakika kumi tu baada ya silikoni, lakini kwenye reli kilikwama katikati, tukagundua kwamba mdomo wa reli tuliupiga tupa vizuri ila mahali fulani ndani palikuwa pamebonyea, labda kwa tawi la mti zamani. Tulipafungua kwa kupitisha bisibisi pana polepole.

Tulipolifunga mara ya kwanza, kitambaa kilisogea upande wa kulia karibu inchi moja, na moyo ukanidunda nikimkumbuka Fundi na nusu inchi yake. Hata hivyo kitambaa chenyewe hakikuwa na kosa. Kilikuwa hakijakaa katikati kwenye reli, basi tukakisogeza kushoto, tukalifungua na kulifunga tena mara tatu, na sasa linajikunja sawasawa. Ndipo tulipofunga zile skrubu ndogo za ncha za reli. Ilikuwa saa tisa alasiri.

Kitambaa cha zamani sikukitupa. Nimekata ule ukanda mbovu, na sehemu nzima iliyobaki inatandikwa chini mbele ya mlango tunapokuwa kambini. Mjomba naye ameshatuma picha ya mfuko. Ni wa buluu, ameushonea vishikio sita na kuutia herufi za jina la mke wangu kwa uzi mwekundu, na jana alipiga simu kuuliza rola ina unene gani ikiwa imekunjwa, kwa sababu ameacha upande mmoja haujashonwa hadi apate jibu.